Kijani Kilitangulia Kwako

Mwanangu Hamza,

Inatangazwa kwa wakazi wote wa nyumba hii, kuku na bata wakiwamo, kwamba kile kipande cha mpira kilichokuwa kikining'inia kwenye madigadi ya mbele ya pikipiki yetu kimestaafu rasmi leo baada ya alasiri. Kimeutumikia ua huu kwa uaminifu, masika na kiangazi, kikizuia tope lisiwarukie watu wa heshima. Hakuna aliyejeruhiwa katika tukio hilo isipokuwa mama mwenye nyumba, aliyejikata kidole gumba kwa kisu chake mwenyewe, na hiyo si habari kwa kuwa hutokea kila wiki. Hitima haitasomwa.

Kama umecheka, vizuri. Nilitaka ucheke kwanza, maana huko mbele nimekasirika, na mimi nikikasirika mwandiko wangu hufanana na njia ya kaa.

Umerudi kutoka kwa bibi yako jioni hii umechoka, tope la delta limekupanda mpaka magotini, umekula ukalala. Begi lako liko mlangoni. Kile kigumu kilichofungwa kwenye kanga yangu ya zamani, pale chini kabisa, si mkate wa kumimina. Usije ukakiuma ndani ya basi. Nitakwambia ni nini nikifika mwisho, nikifika.

Sitakuandikia habari za kuchemsha maji, kufua soksi wala kuswali kwa wakati. Kama hujayashika hayo mpaka umri huu, karatasi haitakushikisha, na lawama tutagawana mimi na baba yako nusu kwa nusu, ingawa ninavyomjua, nusu yake ataisahau shambani Dimani. Nina jambo moja tu. Kesho unapanda basi kwenda Dar es Salaam kusimamia taa za kuanzishia mashindano ya pikipiki, kazi uliyoipata kwa sababu ya zile taa ulizozitengeneza hapa kwetu, na Shabani hajaja kukuaga. Shabani wa Mahege, uliyesoma naye chuoni mkishikilia juzuu moja, mliyefuturu sahani moja mpaka nikawa sijui yupi nimemzaa. Tangu Idd pili hujamwona uani kwetu. Nakuona unavyonyanyua kichwa kila pikipiki inapopunguza mwendo pale njiani.

Nianze na hasira, kwa kuwa ndiyo niliyoizoea.

Hebu kumbuka tulivyokuwa tukianzisha mashindano kabla ya taa zako. Idd pili ikifika, madereva wa bodaboda wanakwenda kwenye kile kipande cha barabara mpya ya upande wa Mahege, kilichoshindiliwa kikanyooka kama uzi lakini magari hayajaruhusiwa kupita, wanakimbizana wawili wawili mpaka kwenye karavati. Anayefika kwanza kashinda. Hakuna kona, hakuna mlima, kwa hiyo ujanja wote unakaa mwanzoni. Na mwanzo huo ulikuwa mkononi mwangu, mimi na kanga yangu. Nikiinyanyua wanakaza, nikiiangusha wanatoka. Walinichagua kwa kuwa ninauza spea za pikipiki pale stendi, na wote walikubaliana kwamba ninawapunja sawasawa bila kubagua ukoo.

Kila mwaka ulizuka ugomvi. Huyu ameona kanga, yule ameona mkono, mwingine ameona kivuli cha mkono. Mpaka Idd ile vumbi liliponiingia puani nikapiga chafya, kanga ikaniponyoka, na pikipiki mbili zikafika karavati hali mimi bado natafuta cha kujifutia. Mmoja akadai kashinda. Mwenziwe akasema chafya si kanuni. Tulikaa kikao kuhusu pua yangu, mwanangu, kikao kizima chenye mwenyekiti na katibu.

Wewe uliporudi kutoka chuo cha ufundi ndiye uliyenieleza kinachotokea. "Mama, hawatazami kanga," ukaniambia. "Wanatazama bega lako. Bega linasema kabla ya mkono." Nikanuna siku mbili, maana lile bega nilikuwa nalionea fahari. Lakini ulisema kweli. Ukaichukua ile boriti ya mkoko iliyobaki tulipoezeka jiko, ukaipangia taa huku na huku, kila taa ndani ya kopo la rangi ili jua la mchana lisiifute, ukaleta sanduku na betri na nyaya za kutosha kumfunga ng'ombe. Mashindano yakawa na macho.

Naandika hapa zinavyofanya kazi. Si kwa ajili yako, uliyezitengeneza. Ni kwamba nimezieleza stendi mara nyingi huku nimefura, kila mara nikikatizwa, hata zimenikaa kifuani kama mwiba wa samaki. Nikizieleza mara moja mpaka mwisho labda nitapona.

Kila dereva ana njia yake, na kwenye mstari wake kuna macho yanayotupa miale miwili isiyoonekana kuvuka njia, chini kabisa, kimo cha kiganja kutoka ardhini. Gurudumu la mbele likikata mwale wa kwanza, inawaka taa ndogo nyeupe juu ya boriti: umekaribia. Likijongea kidogo likakata wa pili, inawaka nyeupe nyingine: umefika, tulia hapohapo. Wote wawili wakishapata nyeupe zao, mimi nabonyeza kitufe, na kazi yangu inaishia hapo. Sanduku linangoja kwanza, mara kitambo kirefu, mara kifupi, ili asipatikane wa kukisoma kidole changu kama walivyolisoma bega langu. Kisha njano tatu zinashuka, moja baada ya nyingine, halafu kijani. Gurudumu likiuachia ule mwale wa pili kabla ya kijani, nyekundu inawaka upande wa aliyekosa, na huyo safari yake imekwisha hata akifika karavati peke yake. Likiuachia baada ya kijani, sanduku linaandika namba kwenye kioo chake: umechelewa kiasi gani tangu kijani kiwake. Namba ndogo, jicho kali.

Sasa niambie, kidole changu kinaingia wapi hapo?

Siku ya tatu baada ya Idd nilikuwa kibandani napanga plagi, akaja Mzee Mbonde, mwenyekiti wao, na kofia yake ya vito, na wapambe wawili wa kumchekea. Nikampa shikamoo yake. Akaipokea, akavuta kiti bila kukaribishwa, akaanza kusifu taa zako kwa maneno ya harusini. Nikajua hapa kuna jambo. Mbele ya wateja wangu akasema, "Tatizo si taa, Mama Hamza. Tatizo kidole chako kina mapenzi."

"Kidole changu kina ukurutu, Mzee Mbonde," nikamjibu. "Mapenzi hakina."

Wateja wakacheka, lakini walicheka vile watu wanavyocheka wakiwa wameshaamini. Na neno likaenda. Nikinunua samaki, mwenye samaki ananiuliza habari za kidole. Nikitoka msikitini upande wa wanawake, shoga yangu ananikamata mkono anautazama. Watu ambao hawajawahi kuona hata taa ya baiskeli ikibadilika rangi wakawa wataalamu wa kitufe. Nikawaeleza kwamba ningekuwa nimekipenda kitufe kile mapenzi ya Laila wa hadithini, kingewaanzisha wote wawili vilevile, kwa kuwa hesabu ni ya sanduku. Mmoja akaniambia, "Ndiyo, lakini sanduku nalo si ni la mwanao?" Nikamrudishia tyubu yake aliyokuja kuniletea nizibe. Haikuzibwa.

Na lile la kijani, hilo ndilo linalonitoa jasho. Pikipiki yetu ni ndogo, injini yake ni ya kubebea mama na magunia yake. Ya Shabani ni kubwa. Asubuhi ile ya Idd pili kila pikipiki ilikimbia peke yake, muda wake ukaandikwa kwa chaki ubaoni mbele ya kila mwenye macho, na tofauti ikaingizwa kwenye sanduku: njano za pikipiki ndogo zitaanza kushuka mapema kwa kiasi hichohicho, kijani chake kitatangulia, na mkubwa atangoja chake. Ndivyo wanavyoweza kufika karavati bega kwa bega, na kushindana kukawa kwa jicho na roho badala ya ukubwa wa injini.

Wazo hilo lilitoka kwangu, na mimi nililitoa kwetu. Kisiwani mitumbwi ikishindana siku ya Idd, wa makasia mawili unapangwa mbele ya wa makasia manne, mwamuzi anatupa donge la tope majini, likisema chubwi wote wanaondoka. Bibi yako uliyemwona leo hawezi kusimama bila kushika ukuta alipiga kasia kwenye mtumbwi wa wawili, na hakuna aliyemwita mwizi kwa kupangwa mbele. Bila hivyo hakuna mashindano, kuna kukaa mkondoni kuwatazama wenye nguvu wakipita. Niliwaeleza hayo kikaoni. Mzee Mbonde akatikisa kichwa taratibu. "Hiyo ni haki," akasema, "tena haki ya wazee." Wakapiga makofi. Kikatangulia kijani cha mwanangu, haki ya wazee ikageuka wizi wa kisasa.

Unaona mwandiko ulivyoanza kwenda upande? Ngoja ninywe maji.

Nimekunywa. Basi tuje kwenye fainali yenyewe, wewe na Shabani.

Kuna jambo dogo lililotokea kabla, na leo limenirudia kutwa nzima. Shabani alikuwa amechuchumaa mbele ya pikipiki yake, anaukata mpira wa madigadi apunguze uzito. Ulikuwa mpira wangu ule, kila dereva hapa Kibiti ana mpira niliokata mimi kutoka kwenye mikanda chakavu ya mashine, nikaandika maneno kwa rangi nyeupe kwa mkono huu unaousoma. Wewe ukamtazama, ukanitazama, ukashika kisu. Nikakwambia ole wako. Wako niliukata mrefu kuliko yote, kwa kuwa nilitaka maneno yasomeke mpaka ng'ambo ya stendi: DUA YA MAMA. Ya wenzako iliishia nusu, wako ulifagia barabara. Ulikuwa umejikunja ukalilalia tairi kama mtoto mgongoni, ukitembea unasugua shwaa, shwaa, na mimi nikasema sikilizeni, unasoma uradi. "Dua ya mama haikatwi kwa kisu," nikakwambia mbele ya watu. Ukaacha.

Mkajongea mstarini. Nyeupe moja, nyeupe mbili, kwako na kwake. Nikabonyeza. Zikashuka njano zako, moja, mbili, tatu, kijani, na wewe umeshaondoka kama uliyeitwa. Shabani ametulia palepale mguu chini, anangoja njano zake, kama kanuni inavyotaka. Zikashuka, akatoka. Mle njiani alikula mwanya wenu wote isipokuwa gurudumu moja. Karavati ikawa yako. Nilipiga vigelegele mpaka kilemba kikafunguka, na kwenye kioo cha sanduku upande wako kulikuwa na namba iliyojaa sifuri. Nikamwonyesha kila aliyepita. Mwanangu ana jicho la mwewe, nikasema. Taa ikiwaka na yeye kaondoka, hakuna hata nafasi ya kupitisha unywele.

Wakaanza kelele zao, kidole, kijani, sanduku. Katikati ya kelele hizo akaja Shabani kwa miguu, kofia ngumu kwapani, akasimama mbali kidogo kwa adabu mpaka nikamtazama.

"Mama," akasema, "Hamza katoka njano ya mwisho ikiwa bado inawaka. Mimi nilikuwa nimetulia pembeni yake, nangoja yangu. Nimemwona."

"Nyekundu iliwaka?"

"Haikuwaka."

"Basi."

Akavaa kofia yake, akaondoka.

Na mimi, mwanangu, nikamtia kwenye kapu moja na wale wote. Wao walikuwa wanapiga kelele juu ya kidole na yeye anaongea polepole juu ya gurudumu, lakini masikio yangu yalikuwa yameshajaa, na sauti ya mwisho kuingia ndiyo iliyomwagika. Kisha nikafanya baya zaidi, nikachekesha. Kesho yake kibandani mtu alinitajia Shabani, nikasema yule ni shahidi wa mwezi wa mawinguni: mji mzima umetazama juu haukuona kitu, yeye peke yake kauona mwandamo. Watu wakafa kwa kicheko. Ninavyojua kuchekesha, laiti ningejua na kunyamaza. Jina likamganda. Mpaka wiki hii akipita stendi vijana wanamwita Shahidi, abiria wanamuuliza kama Idd ni lini. Ndiyo sababu alikuwa haji uani kwetu, na wewe unajua, na hujanilaumu hata siku moja, na hilo limeniuma kuliko lawama.

Wewe mwenyewe jioni ile ulikuja jikoni. Ulikuwa umeishika ile namba ya sifuri kichwani kama mtu aliyepewa chenji iliyozidi. "Mama, namba hii hainipi raha," ukasema. "Nilihisi nimetoka mapema." Nikakuuliza wewe na taa nani anayejua kijani. Ukasema taa. Nikasema basi kula. Ukala. Mtoto mtii ni neema, lakini jioni ile utii wako niliutumia vibaya, niliutumia kama mfuniko.

Sasa nitakwambia kilichotokea kweli. Kimetokea leo, ukiwa kwa bibi yako.

Asubuhi kabla ya kuondoka uliyatandaza macho ya taa zako uani kuyajaribu kabla ya kuyafungasha, ukasahau kuzima. Baada ya adhuhuri nikataka kwenda stendi, nikaisukuma pikipiki taratibu kuelekea lango. Gurudumu likakata mwale, nyeupe ikawaka. Nikaendelea kusukuma. Gurudumu likapita, nimeliona kwa macho yangu limepita, na nyeupe bado inawaka. Nikasimama. Nikairudisha pikipiki nyuma, nikaanza tena. Limepita, inawaka. Nikadhani betri. Nikadhani jua. Nikamtuhumu bata. Mwisho nikapiga magoti kwenye vumbi kama ninayetafuta sindano, nikaangalia sambamba na ardhi, na hapo nikaisoma kwa herufi zangu mwenyewe, nyeupe, kubwa, zimejipanga juu ya mwale: DUA YA MAMA. Tairi limeshaondoka, mpira uliolilalia bado umeuziba mwale. Taa haikuona chochote kikitoka, kwa kuwa kwake yeye ulikuwa bado umefika, umetulia. Kilipowaka kijani ndipo na mkia wa mpira ukapita, sanduku likaandika umetoka sasa hivi, sifuri juu ya sifuri. Jicho la mwewe lilikuwa kipande cha mkanda wa mashine.

Hukuiba. Uliwahi kidogo, kama anavyowahi kila mwenye damu moto njano ya tatu ikiwaka, na ile nyekundu ambayo ingekwambia umewahi niliifunika mimi kwa maandishi mazuri.

Nikajikung'uta vumbi la magotini. Kisha nikapanda pikipiki nikaenda Mahege, na mpira wangu njia nzima, shwaa, shwaa, shwaa.

Shabani alikuwa nyumbani kwao anaanika ufuta. Aliponiona akasimama, akanipa shikamoo, sura imefungwa. Nikamwambia njoo uone kitu, usiniulize. Akaja nyuma yangu na pikipiki yake mpaka uani kwetu. Nilimsukumia gurudumu mbele ya macho ya taa, mara ya kwanza, mara ya pili. Akachuchumaa. Akaukunja mpira kwa kidole, taa ikazimika, akauachia, ikawaka. Akaukunja tena. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, hata nilishachagua yapi ningeyastahili.

"Mama," akasema bila kunitazama, "mimi nilishaanza kudhani macho yangu mabovu. Usiku nilikuwa naendesha polepole."

Nikachukua kisu nikaukata ule mpira mzizini, na haraka yangu ndiyo iliyonipa jeraha la kidole unalolisoma kwenye tangazo la juu. Shabani ndiye aliyenifunga kitambaa. Nikamwambia tairi la zawadi ya fainali ni lake, lile jipya la nyuma nililolitundika kibandani kama kichwa cha simba, akalichukue. Akasema sawa. Nikamuuliza nimwombe radhi vipi, maana mdomo wangu umezoea kugomba tu. Akafikiri, akasema, "Waambie stendi. Kwa sauti ileile."

Nikaenda, kabla ya magharibi, wakati madereva wote wamekusanyika. Nikasimama pale ninaposimama kila siku nikasema, kwa sauti ileile, kwamba Shabani aliona kweli. Taa haikuona, mimi sikuona, yeye aliona, na anayetaka kumwita Shahidi amwite hivyo kwa heshima au anunue spea zake Ikwiriri. Nikawaeleza mpira, tairi, mwale. Kisha Mzee Mbonde akakohoa, akatabasamu kwa upana wa mlango, akasema, "Si nilisema?"

Damu ikanipanda palepale. Nikamwambia, "Hukusema, Mzee Mbonde. Wewe ulisema kidole."

Kwa hiyo nimekubali kosa na nimegombana, vyote katika sala moja. Sijui kama hiyo inahesabiwa. Lakini siwezi kumpa mtu haki ya jambo aliloliotea kwa njia ya uongo, na Shabani aliyeliona kwa macho amesimama pembeni. Hasira yangu kwao bado iko, mbichi, utaikuta ukirudi. Ila leo nimeitenga na Shabani, na nimeona jinsi alivyokuwa amekaa peke yake mle ndani muda wote.

Ule mpira ndio uliofungwa kwenye kanga ndani ya begi. Sitaki uufiche. Ukifika huko uweke mahali unapofanyia kazi. Shabani anasema, na mimi simbishii tena kuhusu alichokiona, kwamba kunahitajika mwale wa tatu, kama shibiri moja na nusu mbele ya ule wa pili: gurudumu likiugusa huo kabla ya kijani hali nyuma bado kumezibwa, basi mtu ameshatoka, nyekundu iwake, hata kama amefunikwa na dua za mama wote wa Rufiji. Waulize kama wanao. Kama hawana, waonyeshe mpira.

Na akija mtu kukwambia ameona ambacho taa zako hazikuona, hata kama wengine ishirini wanakupigia kelele za kipuuzi wakati huohuo, mwite pembeni. Piga magoti kwanza, uangalie sambamba na ardhi.

Alfajiri utasikia pikipiki uani. Si mimi, mimi sina sauti tena. Ni Shabani, amejitolea mwenyewe kukupeleka kwenye basi, na tairi la nyuma la pikipiki yake ni jipya. Usianze wewe habari za taa. Panda nyuma, ushike begi lako, mwache yeye aanze.

Mama yako, ambaye kidole chake, Mzee Mbonde asisikie, kina mapenzi.